Kwa nini Papa alipitisha kikombe

Kanisani kwetu hapa Bukavu, Meza ya Bwana huandaliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na benchi yetu, ya tano upande wa madirisha: Papa mwanzoni, mimi katikati, Mama mwisho. Mchungaji alitangaza kwamba Meza ni ya waliobatizwa kwa maji mengi, yaani waliozamishwa, na wasio chini ya adhabu ya kanisa. Kisha mashemasi walishuka na plato za aluminiamu zenye matundu, kila tundu na kikombe chake cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha dawa ya kikohozi, ndani siro nyekundu iliyozimuliwa kwa maji. Shemasi alimpa Papa. Papa aliipokea plato kwa mikono miwili, akaiweka sawa isimwagike, akampitishia Mama juu ya kichwa changu. Mama alichukua kikombe kimoja. Papa hakuchukua.

Nilikuwa na miaka saba nilipouliza, tukipanda kurudi nyumbani Kadutu, Papa akiwa mbele yetu na Biblia kwapani.

"Mama, juu ya nini Papa hakunywi?"

"Papa yako hakubatizwa ku maji mingi."

Akanyamaza hadi tulipofika mlangoni.

Ninafundisha dini na historia katika shule ya sekondari. Kila Oktoba tunafika kwenye somo la Matengenezo ya Kanisa: Luther, Wittenberg, tarehe 31 Oktoba 1517, zile hoja 95. Na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuinua mkono: "Madamu, magomvi ya Wazungu wa zamani yanatuhusu nini sisi?" Kwa miaka mingi nilijibu kama kitabu kinavyojibu. Siku hizi ninawasimulia habari za Papa na ile plato, na darasa linatulia kimya, kwa kuwa karibu kila mmoja ana mtu wake nyumbani asiyekunywa.

Papa alizaliwa Lubumbashi mwaka 1952, mji ukiitwa bado Élisabethville. Babu alikuwa Mruund kutoka Kapanga aliyeajiriwa na Union Minière, kampuni ya migodi, na alikuwa Mmethodisti kwa sababu misheni aliyoikuta ilikuwa ya Wamethodisti wa Marekani. John Springer na mkewe Helen walikuwa wameanza kazi Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1910. Misheni za Kiprotestanti ziligawana Kongo kwa mapatano, kila moja na eneo lake, zisije zikagombania watu. Ndivyo mtu wa Katanga mara nyingi alivyojikuta Mmethodisti, mtu wa Tshikapa akawa Mmenoniti, mtu wa Kivu akawa Mbatisti au Mpentekoste, bila yeye mwenyewe kupima hoja hata moja. Hoja zilikuwa zimepimwa Ulaya miaka mia nne kabla. Sisi tuligawiwa majibu pamoja na mipaka ya eneo.

Alibatizwa akiwa na miezi mitatu. Kadi yake ya ubatizo ipo hadi leo ndani ya jalada la Biblia yake, imekuwa laini kama kitambaa, na jina la babu limeandikwa kwa wino wa buluu uliofifia. Kanisa lake lina sababu zake. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alipowaandalia wale wa Marekani makala za imani mwaka 1784, kwa kufupisha zile 39 za Kanisa la Uingereza, aliacha wazi kwamba ubatizo wa watoto wadogo udumishwe kanisani.

Mwaka 1979 alikuja Bukavu kufundisha hesabu. Mama ni Mshi wa Walungu, binti wa mwinjilisti, mwimbaji wa korali, mtu aliyempokea Yesu akiwa na miaka 14 na anayekumbuka hata rangi ya kanga aliyovaa siku hiyo. Walipotaka kufunga ndoa, kanisa la Mama lilisema Papa abatizwe kwanza. Papa alijibu kwamba amekwisha kubatizwa. Mazungumzo yakafungwa hapo. Ndoa yao ilibarikiwa Lubumbashi mwaka 1981, na Mama aliporudi aliwekwa nje ya Meza kwa miezi sita. Jina la kanisa siliandiki. Kesi ya namna hii iko katika makanisa mengi, na watu waliokata shauri hilo walikuwa wanampenda Mama.

Wachungaji watatu, kwa nyakati tofauti, walikuja nyumbani kumshawishi Papa. Ninawakumbuka wawili. Walifungua Matendo 19, pale Paulo anapowakuta wanafunzi wa Efeso waliobatizwa ubatizo wa Yohana, nao wanabatizwa tena. Papa aliwamiminia chai, akafungua Matendo 16, yule mlinzi wa gereza la Filipi aliyebatizwa usiku uleule pamoja na watu wote wa nyumbani mwake. "Watu wote," alisema, akiweka kidole juu ya neno. Halafu Waefeso 4: Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. "Mimi ni mwalimu wa hesabu. Moja ni moja." Hakupandisha sauti. Mchungaji naye hakupandisha. Walimaliza chai, wakaomba, wakaagana.

Kwa hiyo swali ambalo watu huuliza, kwa nini hakuzamishwa tu yaishe, lina jibu hilo. Kwake, kukubali maji ya pili kulikuwa sawa na kusema kwamba Mungu hakuwapo siku ile babu alipompeleka kanisani. Na swali la pili, kwa nini hakurudi kwa Wamethodisti: alisema mke hasali peke yake. Kila Jumapili alikuja. Kila mwezi alitoa fungu la kumi. Aliwafundisha vijana wa korali kusoma nota. Na plato ilipofika, aliipitisha.

Nilipofika miaka kumi na mitano nilimkasirikia Mama. Niliona ni ugumu wa moyo, mtu kula mbele ya mume wake asiyeruhusiwa kula. Hata hivyo mwaka 2000 nilibatizwa mwenyewe, katika Ziwa Kivu, Jumamosi asubuhi, maji baridi hadi meno yanagongana. Tulikuwa kumi na mmoja wenye kanzu nyeupe. Mchungaji na shemasi walisimama ndani hadi kiunoni. Papa alikuwa ukingoni ameshika nguo zangu kavu na taulo, viatu vyake vimeingia tope. Nilipotoka alinifunika taulo, akanifuta uso kama mtoto, akasema, "Sasa nenda kwa Mama yako, anakungojea."

Habari za Zurich, mji wa Uswisi, nilizikuta chuoni, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada.

Mwaka 1525, tarehe 21 Januari, watu wachache walikutana usiku katika nyumba ya mama yake Felix Manz. Walikuwa wanafunzi na marafiki wa Zwingli, mtengenezaji wa kanisa la Zurich, na walikuwa wamejifunza kwake kusoma Maandiko na kuyatii. Ila walipofika kwenye ubatizo, waliona kwamba mtoto mchanga hawezi kuamini, na asiyeamini habatizwi. Zwingli alijibu kwa agano: kama Waisraeli walivyowatia watoto wao tohara, vivyo hivyo nasi tunawabatiza wetu. Baraza la mji lilisimama na Zwingli. Usiku ule Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, kisha Blaurock akawabatiza wenzake. Maadui waliwaita Wanabaptisti, maana yake wabatizao tena, ingawa wao hawakuona kwamba ni tena. Kwao ule wa utotoni haukuwa ubatizo.

Machi 1526 baraza liliamuru kwamba atakayebatiza tena atazamishwa majini hadi afe. Tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz alipakiwa mtumbwini katika mto Limmat. Mikono yake ilifungwa ikapitishwa juu ya magoti, kijiti kikachomekwa katikati ili asiweze kuikunjua. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa ukingoni akimpazia sauti asimame imara. Akasukumwa ndani. Waliomhukumu walikuwa Waprotestanti, na mji wao ulikuwa wa Waprotestanti.

Nilifunga kitabu nikashuka kwa miguu hadi nyumbani. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimsimulia yote, hadi kile kijiti. Aliacha kuchambua.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Karibu thelathini."

"Na mama yake aliona?"

"Aliona."

Mama alikaa kimya, halafu akasema kwamba yeye hakuwahi kujua kuna mtu aliyekufa kwa ajili ya jambo hilo, lakini siku zote alijisikia kama ameachiwa kitu cha mtu akitunze. Hasira yangu ya miaka yote iliniisha palepale. Nilikuwa nimedhani anamnyima Papa kitu. Kumbe alikuwa analinda amana, na Papa analinda yake, na amana zote mbili zilitoka katika mji uleule mmoja wenye mto.

Kuna jambo jingine ndani ya habari ile ambalo sikumwambia siku hiyo, nilimwambia baada ya wiki. Ubatizo wa usiku ule wa Zurich ulikuwa wa kumiminiwa maji kichwani. Hawakuzamishana. Ni kweli baada ya majuma machache Grebel alimzamisha mtu mmoja katika mto Rhine, lakini shauri lao lilikuwa imani ya anayebatizwa, wala hawakupima kina. Wabatisti wa Uingereza ndio walioshikilia kuzamisha, na ungamo lao la London la mwaka 1644 linasema hivyo waziwazi. Toka kwao, kupitia Wabatisti wengine wa Ulaya na Marekani, likawafikia Wapentekoste, likatufikia sisi ziwani. Mama alisikiliza akasema, "Basi huyo Manz angefika hapa kwetu, naye plato ingempita." Alisema kwa huzuni.

Ninapofundisha mjadala wa neema na hiari ya mtu, ninapita haraka, maana nyumbani kwetu haukuwa na vita. Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, 1618 hadi 1619, iliwahukumu wafuasi wa mwanatheolojia Arminius waliosema kwamba neema yaweza kukataliwa na kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Wesley alichukua upande wa Arminius, hata jarida aliloanzisha mwaka 1778 alilipa jina la Arminius. Wapentekoste nao wako huko huko. Mhubiri wa Bukavu anapowaita watu mbele watubu, anapoonya juu ya kurudi nyuma, anaongea kama waliohukumiwa Dort. Papa husema neema ilimtangulia; Mama husema alichagua. Katika hoja hiyo iliyopasua Uholanzi, wao walikuwa benchi moja.

Penye jeraha ni mezani. Luther na Zwingli walikutana Marburg, Oktoba 1529, kwa mwaliko wa Philip, mtawala wa Hesse huko Ujerumani, aliyetaka waungane. Katika makala 15 walikubaliana 14. Iliyobaki ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Luther alikuwa ameandika mezani kwa chaki, kwa Kilatini, "huu ni mwili wangu", na hakutoka pale: mwili wa Kristo upo kwelikweli katika mkate. Zwingli akasema ni ukumbusho, "ni" maana yake "yaashiria". Waliachana bila kushiriki pamoja, na inasimuliwa kwamba Zwingli alitoa machozi. Ukimuuliza Mpentekoste wa Bukavu siro ile ni nini, atakujibu ukumbusho, na hajui kwamba ametumia neno la Zwingli, yuleyule ambaye mji wake ulimzamisha Manz. Tumerithi kwa wote wawili, aliyezamishwa na upande uliomzamisha.

Kwa Wesley, Meza yenyewe inaweza kumleta mtu kwa Mungu, kwa hiyo anayetafuta asikatazwe. Ndiyo maana Mama alipokwenda Lubumbashi kwa arusi yake alipewa mkate na kikombe bila kuulizwa alibatizwa vipi. Alikula kwa mume wake. Mume wake hakula kwake. Ameniambia mara moja tu kwamba jambo hilo lilikuwa linamuuma kila mwezi, tangu 1981.

Halafu nikakutana na mwaka 1913. Wamisionari Waswidi walioanza kazi upande huu wa Kivu miaka ya 1920 walitoka katika uamsho ambao moyo wake ulikuwa kanisa la Filadelfia la Stockholm, la Lewi Pethrus. Kanisa hilo lilikuwa la Wabatisti. Mwaka 1913 lilifukuzwa katika muungano wao, na sababu iliyotajwa ilikuwa kwamba linawakaribisha mezani waumini wasio wa makanisa ya Kibatisti. Wengi husema sababu ya ndani ilikuwa ule moto wa Kipentekoste, na huenda ni kweli. Lakini iliyotajwa ni Meza iliyofunguliwa. Nilisoma mstari huo mara tatu. Kati ya mababu zetu wa imani wapo waliofukuzwa kwa kumfungulia mtu kama Papa.

Hapa kwetu wote hawa ni kanisa moja kwa sheria. Mwaka 1970 baraza la Waprotestanti likawa Kanisa la Kristo, chini ya mchungaji Bokeleale, na sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikatambua Wakatoliki, Wakimbangu na Kanisa hilo la Kristo. Kila misheni iliyotaka kuendelea ikawa jumuiya yenye namba. Ndiyo asili ya namba unazoziona juu ya milango: 3 CBCA ya Wabatisti wa Goma, 5 CELPA na 8 CEPAC za Wapentekoste. Wabatizao watoto na wawazamishao watu wazima wana rais mmoja, na ukiuliza tofauti utaambiwa sisi sote ni Waprotestanti, maana yake si Wakatoliki. Mimi naona umoja huo tuliupewa kwa kalamu kabla hatujakaa kuzungumza. Ulaya walikaa. Waluteri na Wareformed, wale wa ukoo wa Zwingli, walifungua meza zao mwaka 1973, huko Leuenberg, miaka 444 baada ya Marburg. Mwaka 1982, huko Lima, wanatheolojia wa makanisa mengi waliandika kwamba ubatizo haurudiwi. Mwaka 2010, Stuttgart, Waluteri wa dunia waliwaomba Wamenoniti, warithi wa wale Wanabaptisti, msamaha kwa mateso ya mababu zao. Nimetamani siku moja tukae hivyo hapa, wazee wa maji mengi na wazee wa maji machache, tuambiane tumelinda nini na kwa gharama gani.

Jumapili ya tarehe 16 Februari 2025 hatukwenda ibadani. Mji ulikuwa unabadilisha mikono, tangu Ijumaa jioni risasi zilikuwa zinasikika na watu wanavunja maduka. Tulikuwa saba katika chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani: wazazi, mimi, watoto wangu wawili, jirani yetu Mkatoliki na mjukuu wake. Kulikuwa na mkate mmoja wa Ijumaa, umeanza kukauka, na chai isiyo na maziwa.

Papa aliniomba nisome Luka 24, wale wawili wa Emau. Nilipofika pale Bwana anapoutwaa mkate, aliniambia nisimame kidogo. Akauchukua ule mkate, akaomba kwa Kiswahili cha Lubumbashi, maombi marefu, akaumega kwa mkono na kutugawia mmoja mmoja akianza na watoto. Hakusema ni Meza ya Bwana. Hakuna aliyesema. Jirani yetu alifanya ishara ya msalaba. Mama alikishika kipande chake mkononi kwa muda, akakitazama. Alikuwa anamjua mtu aliyempa, miezi mitatu, kadi ya wino wa buluu, yote. Akala. Kisha akamimina chai, akampa Papa kikombe cha kwanza.

Hatujalizungumzia tangu siku hiyo, na mimi sijamuuliza.

Aprili ibada zilikuwa zimerudi. Jumapili ya kwanza tulikaa benchi yetu, Papa mwanzoni, mimi katikati, Mama mwisho. Mchungaji alitangaza kama kawaida. Shemasi, kijana aliyefundishwa nota na Papa, alishuka na plato, akainama kidogo alipompa. Papa aliipokea kwa mikono miwili, inayotetemeka siku hizi, akaiweka sawa isimwagike, akanipitishia. Nilichukua kikombe changu, nikampa Mama.